Kumfuata Daktari Kazini Kabla ya Kuomba Kusomea Udaktari: Mwongozo kwa Vijana wa Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Kuna swali ambalo wazazi huuliza mapema, na linastahili jibu la wazi: mtoto akimfuata daktari hospitalini kwa mwezi mmoja, je, itamsaidia kupata nafasi ya udaktari? Kwa vyuo vya umma, la. KUCCPS, shirika la serikali la kugawa nafasi za vyuo, hutumia gredi za KCSE na alama za klasta, yaani za masomo ambayo kozi husika inayahitaji. Moi, Maseno, Egerton na Masinde Muliro hupokea wanafunzi kwa njia hiyo, na kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika kwamba uliwahi kusimama wodini.

Hata hivyo inafaa, tena sana, kwa sababu nyingine. Shahada ya udaktari huchukua miaka sita, halafu kuna mwaka mzima wa kazi chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Kijana anayechagua kozi hiyo kwa kuwa alipata A, na jamaa wote wamemwita dokta tangu akiwa mdogo, anajifunga miaka saba kwa kazi ambayo hajawahi kuiona ikifanywa kutwa nzima. Asubuhi kumi na mbili hospitalini zinaweza kuuthibitisha uamuzi wake. Zinaweza pia kumwonyesha kwamba moyo wake uko kwenye uuguzi, famasia, maabara au kazi ya afisa wa kliniki, na hilo nalo ni faida kubwa kulijua kabla ya karo kulipwa. Kwa anayetaka kuomba chuo cha Uingereza au Marekani, uzoefu huu huulizwa waziwazi.

Wakati wa kwenda

Kipindi kizuri ni baada ya matokeo ya KCSE kutoka, kabla mfumo wa KUCCPS haujafungwa. Ukisubiri hadi Julai utakuwa umekwisha kuchagua kozi, na ulichokiona hakitabadilisha kitu. Kwa hiyo tumia wiki za kwanza baada ya matokeo kuandaa barua na chanjo, kisha uingie hospitalini mara tu jibu linapopatikana.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B ndiyo huwachelewesha wengi. Hutolewa kwa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Kabla ya kununua dozi yoyote, mwombe mama atafute ile kadi yako ya kliniki ya utotoni. Watoto wengi waliozaliwa Kenya tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 walipata kinga hii ndani ya chanjo ya pentavalenti, na kadi ndiyo ushahidi. Kadi ikiwa imepotea, nenda kituo cha afya uulize, usiamue mwenyewe nyumbani.

Kuhusu muda, saa 48 zinatosha kabisa: wiki nne, asubuhi tatu kila wiki, saa nne kila asubuhi. Anayekaa saa 200 kwenye kona moja ya wodi moja hajui zaidi ya aliyekaa saa 48 katika idara tatu akiwa macho. Mpangilio unaofaa ni wiki moja kliniki ya wagonjwa wa nje, wiki moja wodi ya watoto, wiki moja upasuaji au kitengo cha dharura, na wiki ya mwisho kwenye kituo cha afya pamoja na afisa wa kliniki. Wiki hiyo ya mwisho usiiache hata ukiombwa ubadilishe. Sehemu kubwa ya wagonjwa wa vijijini hukutana na muuguzi au afisa wa kliniki muda mrefu kabla ya kumwona daktari, na asiyeijua hatua hiyo hataelewa kwa nini mgonjwa amefika hospitali kubwa akiwa amechelewa.

Hospitali ipi, na umfuate nani

Wengi hukimbilia jina kubwa: Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, ambayo wenyeji bado huiita Russia, hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Nakuru, ambayo wengi wanaijua kama PGH, au Moi kule Eldoret. Hizi ni hospitali za kufundishia. Siku ya raundi kubwa, yaani kupitia wagonjwa kitanda hadi kitanda, daktari bingwa hutembea na madaktari walio katika mwaka wa mafunzo kazini, wanafunzi wa udaktari, wa kozi ya afisa wa kliniki na wa uuguzi. Wewe mgeni utasimama nyuma ya migongo kumi, usimwone mgonjwa wala usisikie kinachosemwa.

Hospitali ya ngazi ya 4, iliyo chini ya hizo kubwa za rufaa, inakufaa zaidi. Upande wa Kisumu kuna Ahero, Kombewa na Chulaimbo. Upande wa Nakuru kuna Molo, Gilgil na Bahati. Hospitali za misheni nazo, kama Maseno, Mukumu na Mumias, huwa na utaratibu mfupi wa barua, na wakuu wake mara nyingi wanapatikana kwa kubisha mlango tu. Kwa anayevutiwa na macho, hospitali ya macho ya Sabatia iko Vihiga. Zahanati ya ngazi ya 2 kwa kawaida haina daktari kabisa, na hospitali kubwa ya binafsi mjini huwa na wasiwasi wa kisheria kuhusu wageni, kwa hiyo usishangae ukikataliwa.

Mtu wa kumfuata ni daktari wa kila siku wa hospitali, yule wanaomwita MO (medical officer). Daktari bingwa huenda anapita wodini mara moja au mbili kwa wiki, naye MO yupo asubuhi na jioni. Yeye ndiye hupokea mgonjwa, hubishana na maabara kuhusu matokeo yaliyochelewa, huwapigia simu jamaa na huandika rufaa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo utakayoifanya miaka mingi kabla ya ubingwa.

Barua na afisi

Kumjua daktari mmoja hakutoshi. Daktari anaweza kukukaribisha kwa moyo safi, kisha msimamizi wa wodi akakutoa mbele ya watu kwa sababu jina lako halipo popote. Ruhusa lazima itoke kwa uongozi: ngazi ya 4, barua iende kwa msimamizi mkuu wa hospitali, hospitali kubwa, iende kwa afisa mkuu mtendaji kupitia kitengo cha mafunzo na utafiti. Iandike kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya majalada ya afisi hizo, na isizidi ukurasa mmoja. Iseme wewe ni nani, unaomba kutazama tu bila kumhudumia mgonjwa, idara gani, tarehe ngapi hadi ngapi na saa ngapi kwa siku. Sentensi inayobeba barua yote ni hii: "Sitamgusa mgonjwa, sitafungua faili, sitapiga picha, na nitatoka mara moja nikiambiwa nitoke." Msimamizi akiisoma hiyo, nusu ya hofu yake inaisha.

Ambatisha haya:
- nakala ya matokeo ya KCSE, au barua ya shule kama bado unasoma;
- nakala ya kitambulisho, au cheti cha kuzaliwa kama hujafika miaka 18;
- barua ya idhini iliyotiwa sahihi na mzazi au mlezi, kwa aliye chini ya miaka 18;
- ushahidi wa chanjo ya homa ya ini;
- jina na simu ya mtu wa kuitwa ukipatwa na tatizo.

Peleka barua kwa mkono, ukiwa na nakala mbili. Moja inabaki, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe, urudi nayo nyumbani. Bila muhuri huo, wiki mbili baadaye utaambiwa barua haijaonekana na utaanza upya. Jumatatu asubuhi usiende, kliniki zimefurika. Ijumaa alasiri usiende, mwenye kutia sahihi huenda hayupo. Jumanne hadi Alhamisi, katikati ya asubuhi, ndiyo saa yenye matumaini. Jibu lisipokuja baada ya siku kumi za kazi, rudi na nakala yako na uulize kwa upole barua imefika meza ya nani.

Kuna hospitali zinazotoza ada kwa wanafunzi. Ukiambiwa ipo, lipa kwa njia rasmi ya hospitali na udai risiti. Usitume hata shilingi mia tano kwa nambari ya simu ya mtu binafsi anayeahidi "kukuingiza". Mwenye kukuingiza kwa njia hiyo hawezi kukutetea siku ukiulizwa uliingiaje.

Siku ya kwanza

Valia nguo safi za kawaida za afisini, mikono iishie juu ya kiwiko, na viatu vilivyofunika vidole, visivyoteleza. Acha nyumbani pete, bangili, saa ya mkononi na kucha ndefu, kwa sababu uchafu hujificha chini yake hata baada ya kunawa. Nywele zifungwe nyuma. Kula kiamshakinywa cha maana, chai na viazi vitamu au uji mzito. Utasimama saa nne, na tumbo tupu ndilo chanzo cha kwanza cha kuzirai.

Suala la koti jeupe linahitaji uangalifu. Hapa kwetu, yeyote mwenye koti jeupe ni daktari. Mama aliyekesha na mtoto hatakuuliza cheti. Atakuvuta mkono akuulize dawa inaisha lini. Kama hospitali haikulazimishi, usilivae. Ikikulazimisha, andika beji kubwa inayosomeka hatua tatu mbali: jina lako la kwanza, na chini yake "MWANAFUNZI MTAZAMAJI". Stetoskopu usiivae shingoni hata kama mjomba amekununulia.

Fika robo saa kabla ya raundi, umtafute msimamizi wa wodi, yule sista mkuu, kabla ya kumtafuta daktari. Msalimie, umwonyeshe barua yenye muhuri, umuulize wapi usimame na wapi usiingie. Wodi ni yake. Madaktari huzunguka idara baada ya idara, naye sista yupo pale mwaka hadi mwaka, na akikukubali siku ya kwanza mwezi wako wote utakuwa mwepesi.

Kando ya kitanda

Mgonjwa ana haki ya kukukataa. Kabla ya raundi, mwombe daktari akutambulishe kwa maneno mafupi: "Huyu ni mwanafunzi, anajifunza kwa kutazama tu. Unaridhika abaki?" Kisha mtazame mgonjwa usoni. Wagonjwa wetu wengi, hasa wazee, hawatamkatalia daktari kwa mdomo. Watanyamaza, watageuza uso ukutani, au watavuta shuka hadi kidevuni. Ukiona hivyo, sema "Asante, nitangoja nje" na utoke bila kusubiri kuambiwa. Toka pia, bila kuulizwa, daktari anapotaka kumpa mtu majibu ya HIV, anapomchunguza mama sehemu za siri, au anaposikiliza aliyenajisiwa au kupigwa nyumbani.

Salamu usizipuuze. Mzee aliyelazwa ni mzee wako: shikamoo hapa haijazoeleka sana, lakini "Habari ya asubuhi, mzee" ina uzito wake, na bibi wa Kakamega atafurahi ukimwita kukhu kama vile yule wa Njoro atakavyofurahi kuitwa shosho. Ukiitwa daktari, sahihisha pale pale: "Hapana mama, mimi ni mwanafunzi. Ngoja nimuite sista." Usitikise kichwa na kuendelea. Mtu akishaamini wewe ni daktari, kila neno utakalomwambia atalichukua kuwa agizo, hata kama ulisema tu kwamba vidonge hivyo unavijua.

Tatizo jingine ni lugha. Daktari aliyetumwa Kombewa huenda hajui Kijaluo, nawe unakijua. Atakugeukia. Usijitolee kabla hajaomba, na mara nyingi kuna muuguzi anayefaa zaidi. Akikuomba, tafsiri kila kitu jinsi kilivyosemwa, kwa nafsi ya kwanza: mgonjwa akisema "naumwa hapa tangu Jumapili", sema "naumwa hapa tangu Jumapili". Usifupishe, usipambe, usimshauri. Mgonjwa akitaja dawa ya kienyeji na wewe ukaiacha kwa kuona haya kwa niaba yake, huenda umeficha sababu ya figo kushindwa kazi. Neno usilolijua, sema hulijui.

Mikono yako haina kazi

Hili ndilo huharibika zaidi, na halianzi kwa nia mbaya. Zamu moja ina muuguzi mmoja na vitanda vingi. Siku ya tatu anakuona umesimama, mwerevu, mwenye heshima, anakuambia: "Nishikie hii drip", "mpime presha yule", "tupa sindano hizo". Unafurahi kuaminiwa. Lakini hujafunzwa, huna usajili, na kutibu bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Madaktari na Madaktari wa Meno, Sura ya 253. Kipimo cha presha ulichokosea kitaandikwa kwenye faili na mtu ataongezewa dawa kwa sababu yake. Jibu liwe tayari mdomoni: "Sista, samahani, nimeruhusiwa kutazama tu. Nikuitie nani akusaidie?" Hakuna sista atakayekuchukia kwa hilo.

Unaloweza kufanya ni kumletea mama kiti, kumwonyesha mgonjwa maabara ilipo, kuufungua mlango kitanda kinapopita.

Mapipa ya taka yajue ili usiyaguse vibaya: jeusi ni la taka za kawaida, la njano ni la taka zenye vijidudu, jekundu ni la zile hatari zaidi kama kondo la nyuma na viungo vilivyokatwa, na vitu vyenye ncha huingia kwenye kisanduku chake maalumu. Trei iliyotumika usiinyanyue kamwe. Ajali nyingi za sindano hutokea wakati wa kusafisha, pale sindano imefichwa chini ya pamba. Ikitokea umechomwa, osha palipochomwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, usipakamue, kisha mwambie msimamizi dakika hiyo hiyo. Dawa za kuzuia HIV huanza haraka iwezekanavyo, ndani ya saa 72, nazo humezwa kwa siku 28. Wanaoumia zaidi ni wale wanaoona haya na kwenda nyumbani kimya.

Nawa mikono unapoingia, unapotoka na kati ya vitanda, hata kama hukugusa kitu: sekunde 40 hadi 60 kwa sabuni na maji, au sekunde 20 hadi 30 kwa kitakasa mikono. Kliniki ya kifua kikuu usiingie na barakoa ya kawaida. Inayohitajika ni ya N95, na kama haipo, siku hiyo nenda idara nyingine.

Utazame nini

Wanaokuja bila maandalizi hutazama ugonjwa. Wewe mtazame daktari anavyofikiri. Chukua wodi ya watoto, mahali pazuri kuliko pote kwa anayeanza. Mtoto wa miezi minane ana kikohozi. Daktari mzuri hakimbilii stetoskopu. Anamwomba mama amfunue mtoto kifua, anatazama kama ngozi chini ya mbavu inaingia ndani kila pumzi, kisha anahesabu pumzi kwa dakika moja kamili, jicho kwenye kifua, jicho kwenye saa. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za kasi. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Hahesabu nusu dakika akazidisha mara mbili, kwa sababu mtoto mchanga hupumua ovyo, mara mbio mara polepole, na kosa dogo litazidishwa. Mtoto akianza kulia, anaacha, anamwacha anyonye, anaanza upya, maana kilio huharakisha pumzi.

Kisha anafungua kiganja cha mtoto na kukilinganisha na cha mama. Katika ukanda wa Ziwa, ambako malaria haiishi mwaka mzima na selimundu (sickle cell) si ugonjwa wa nadra, kiganja cheupe, dalili ya upungufu wa damu, kina maana kubwa, na utamwona akiagiza kipimo cha damu kabla mama hajamaliza kueleza. Jiulize alichagua kuuliza nini kwanza, na ni lipi alilolifuta akilini. Nakuru picha itakuwa tofauti: kitengo cha dharura hubeba mzigo wa barabara kuu ya Nairobi kwenda Eldoret na wa bodaboda, na huko utajifunza jinsi daktari anavyoamua nani aonwe kwanza wakati watatu wameingia pamoja. Anayepiga kelele zaidi mara nyingi ndiye anayeweza kungoja.

Maswali yaulizwe nje ya masikio ya mgonjwa, daktari anapoandika au mnapotembea kwenda idara nyingine. Mawili kwa asubuhi yanatosha. "Kwa nini hukuagiza eksirei?" ni swali la maana, "huu ugonjwa ni nini?" utalijibu mwenyewe jioni kwa kusoma.

Chumba cha upasuaji

Usiende wiki ya kwanza. Utabadilisha nguo zote kwenye chumba cha kubadilishia, uvae kofia, barakoa na viatu vya mle ndani, simu ibaki nje. Chochote kilichofunikwa kwa kitambaa cha kijani au bluu ni safi kabisa. Kaa nusu mita mbali nacho, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Ukigusa kwa bahati mbaya, sema hapo hapo, hata kama unaogopa kufokewa. Vifaa vitabadilishwa na mambo yataendelea, lakini ukinyamaza mgonjwa anaweza kupata maambukizi.

Kuzirai hutokea kwa watu wenye nguvu zao, na si ishara kwamba hufai. Dalili ni jasho baridi, masikio kuvuma, macho kuingia giza, miayo mfululizo. Ukizihisi, rudi nyuma, uegemee ukuta na uketi sakafuni, ukisema "nimeketi". Usijaribu kufika mlangoni, maana wengi huanguka njiani, na kibaya zaidi ni kuanguka mbele juu ya meza ya vifaa. Magoti yasikazwe muda wote umesimama. Yakikunjwa kidogo damu hurudi juu vizuri.

Daftari

Usiandike kando ya kitanda. Andika ukiwa umetoka, siku hiyo hiyo, kabla ya kulala. Jina, kijiji, nambari ya kitanda, tarehe kamili, kabila, kazi ya mgonjwa: vyote viachwe. Mji kama Bungoma ni mdogo, na "mwalimu wa shule fulani mwenye kisukari" ni mtu mmoja tu. Sheria ya Afya ya 2017 na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 zinalinda habari hizo, na kundi la WhatsApp la shule si mahali pake, hata bila picha.

Ukurasa mzuri unafanana na huu: "Mtoto chini ya mwaka, kikohozi. Daktari alihesabu pumzi mara mbili. Mama alisema alikwenda duka la dawa kwanza. Daktari hakumfokea; aliuliza alipewa nini, akaomba aone pakiti. Ningekuwa mimi ningemlaumu. Baada ya hapo mama alieleza mambo matatu ambayo hakuwa ameyasema." Mistari sita, na tayari kuna jambo la kuzungumza kwenye mahojiano. Ukurasa mbaya ni orodha ya magonjwa yenye majina marefu.

Andika pia yale yasiyopendeza: kipimo kilichokosekana, jamaa waliouza ng'ombe, daktari wa mafunzo ambaye hajalala. Waulize hao wa mafunzo maisha yao yakoje, mishahara yao ikoje na kwa nini wamegoma mara nyingi. Mgomo wa 2016 hadi 2017 ulidumu siku 100, na ule wa 2024 siku 56. Anayeomba kozi hii anahitaji kuyajua hayo kabla, si baada.

Na mgomo ukianza ukiwa katikati ya mwezi wako, ondoka hospitali ya umma siku hiyo hiyo. Ukibaki, utakuwa mtu wa pekee mwenye beji wodini, na utaombwa mambo ambayo hata siku ya kawaida hungeombwa. Uwe na barua ya pili, tayari, kwa hospitali ya misheni.

Kwa wanaoomba nje ya nchi

Uingereza, maombi ya udaktari kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya huko, hufungwa tarehe 15 Oktoba, mwaka mmoja kabla ya kuanza masomo, na unaruhusiwa kozi nne tu za udaktari. Kuanzia waliojiunga 2026, maelezo binafsi yamegawanywa katika maswali matatu yenye jumla ya herufi 4,000, na la tatu linauliza ulijiandaaje nje ya darasa na kwa nini kilikufaa. Hapo ndipo daftari linapofanya kazi. Vyuo vya huko havihesabu saa sana. Vinataka ulichoelewa, na kumhudumia nyanya yako aliyepooza nyumbani kwa mwaka mzima kunaweza kuwa na uzito kuliko wiki mbili za wodi.

Marekani, udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, kwa hiyo wanaohusika ni Wakenya walio vyuoni huko wanaorudi nyumbani likizo ya Juni hadi Agosti. AMCAS, mfumo wa kuomba vyuo vya udaktari vya huko, unaruhusu shughuli 15, kila moja kwa herufi 700, na kutazama kazi ya daktari kuna kundi lake maalumu. Tenga saa nyingine za kutazama huko huko Marekani, maana wachaguzi watataka kujua kama unaufahamu mfumo wao. Na usiandike kwamba ulisaidia kuzalisha au kushona kidonda ukiwa Siaya. Chama cha vyuo vya udaktari vya huko, AAMC, kimetoa mwongozo unaoonya dhidi ya wanafunzi kuwahudumia wagonjwa nje ya nchi bila mafunzo, na picha yako ukiwa na sindano mkononi inaweza kukufungia mlango.

Kabla ya kuondoka

Barua ya uthibitisho iombwe wiki ya mwisho, ukiwa bado unaonekana. Madaktari wa mafunzo huhama idara takriban kila miezi mitatu, na MO anaweza kuhamishwa kaunti ndogo nyingine bila taarifa. Mpelekee daktari karatasi uliyoichapa tayari yenye tarehe ya kuanza na kumaliza, idara, jumla ya saa, na maneno kwamba ulitazama tu. Yeye aongeze mistari yake miwili au mitatu kuhusu tabia yako, atie sahihi na nambari yake ya usajili, nayo afisi igonge muhuri. Omba nakala mbili halisi, uzitie kwenye bahasha ya plastiki, na upige picha ya moja uitunze kwenye barua pepe yako. Kisha rudi wodini umuage sista, kwa jina lake.